Tulivyowaita madiwani waone tunavyozima moto, mtani wangu akaja na salfa kwenye mashine

Wakuu, salaam kutoka huku juu Newala.

Humu ndani mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, lakini hili limenikaa kooni tangu kiangazi kilichopita na mke wangu amechoka kulisikia. Ninayosimulia niliyaona mwenyewe, na ushahidi ni nyusi zangu. Ya kushoto mpaka leo imeota nusu.

Kijiji sikitaji maana tunafahamiana. Jueni tu ni upande wa kwenda Makote, kwenye mikorosho.

Kwanza mnijue kidogo.

Kwetu ni Masasi, jirani na Ndanda. Mmakua wa kanisani, marehemu babu alikuwa mwalimu wa dini. Mimi ni fundi wa pikipiki na zile mashine za mgongoni za kupulizia dawa mikorosho. Nilioa Newala, na kama wengi wanaooa huku, nikajikuta nimejenga ukweni.

Mama mkwe wangu anaitwa Mama Somoe. Somoe ndiye mke wangu.

Sasa ukwe wa huku si mchezo. Mkwe hakai mkeka mmoja na mama mkwe, na maneno ni ya kupima. Mimi na yeye tulikuwa watu wa "shikamoo mama", "marahaba mwanangu", basi. Akiwa na neno na mimi analipitisha kwa Somoe, hata kama nimekaa hapo hapo nasikia kila kitu. Somoe naye analirudia lote upya, kwa heshima zote.

Tuendelee.

Kiangazi cha mwaka juzi moto uliingia shambani kwa Mama Somoe.

Nani aliuwasha, mpaka leo hajulikani. Mtu alikuwa anasafisha shamba, akachoma takataka zake, upepo ukachukua. Huku majani ya mkorosho yakikauka yanashika moto upesi mno, na chini ya miti kuna zulia zima la hayo majani.

Gari la zimamoto lilipigiwa simu na kusema kweli jamaa walikuja. Lakini kutoka mjini mpaka kwetu ni mbali, na barabara yetu ni mchanga mtupu. Wamefika, tumeshanawa masizi, tumekaa. Tuliwasaidia kulikwamua gari, wakatupa pole, wakaondoka.

Na msituulize kwa nini hatukumwaga maji. Aliyewahi kuishi huku juu anajua. Maji yetu mengi ni ya mvua, yanakingwa kwenye bati na kuhifadhiwa kisimani nyumbani. Kiangazi kikikolea, maji ya kuzimia moto ndiyo hayo hayo ya kupikia uji wa watoto.

Upande mzima wa shamba ukateketea. Ile mikorosho ilipandwa na marehemu baba mkwe, mti mmoja mmoja, na Mama Somoe alikuwa anaijua kila mmoja na tabia yake. Kuna uliokuwa unawahi kuzaa, kuna uliokuwa mvivu.

Ukabaki upande mmoja tu, unaopakana na pori.

Mama Somoe hakulia mbele za watu. Alimwambia Somoe kwamba huo upande uliobaki ukiungua naye anaondoka, anakwenda kuishi kwa mwanawe wa kiume Mtwara mjini, akakae ndani aangalie ukuta. Somoe aliponieleza niliumia sana. Yule mama mumwondoe shambani mumpeleke kwenye chumba cha kupanga? Hamalizi mwaka.

Kuanzia hapo akaanza kufagia.

Huku kufagia chini ya mikorosho ni kawaida, lakini watu wanafanya korosho zikikaribia kudondoka, ili kuokota kuwe rahisi. Yeye akawa anafagia msimu wote. Asubuhi ufagio, jioni ufagio. Watu wakaanza kumtania kwamba amehamishia sebule shambani, wageni waende na viatu mkononi.

Aliyeongoza utani huo ni jirani yake, Baba Zuhura. Huyu ni mtani wangu rasmi, Mmakonde na Mmakua, kwa hiyo nikimsema vibaya humu hana pa kunishtaki. Ni mtu mwema sana. Tatizo lake ni kwamba maelekezo yakitolewa yeye anakuwa yuko njiani anakuja.

Basi, kwenye mkutano wa kijiji nikatoa wazo.

Nikasema hivi: kila nyumba ya mkulima huku ina ile mashine ya kupulizia, au jirani yake anayo. Ukiitoa dawa, inapuliza upepo mtupu, na upepo wake una nguvu. Moto ukitokea, watu wakajipanga na mashine zao mbele ya moto, wanapuliza majani makavu pembeni mpaka ardhi inabaki tupu. Moto ukifika hapo haukuti cha kula. Maji hayahitajiki.

Nilijaribu mwenyewe nyuma ya nyumba kabla ya kusema, msidhani nilikurupuka.

Watu wakakubali. Diwani wetu akalipenda, akalipeleka kwenye baraza la madiwani. Ombi lilikuwa dogo: halmashauri itutafutie mafunzo na viatu vya maana, ituwekee boza dogo la maji la kukokotwa na trekta hapa kwenye kata, na itunge sheria ndogo kuhusu kuchoma moto mashambani.

Hilo la sheria alilitoa Mama Somoe. Alisimama mkutanoni, kitu ambacho hakifanyi, akasema, "Hayo magari ni mazuri, yaleteni. Mimi nataka kitu kimoja. Mtu akitaka kuwasha moto, aje apige hodi kwangu kwanza."

Akakaa. Watu wengine walicheka. Mtendaji wa kijiji aliandika.

Halmashauri ikajibu kwamba kamati ya madiwani itakuja na wataalamu kuona kwa macho. Wakiridhika, jambo linaingia kwenye bajeti. Wasiporidhika, tuendelee kumwomba Mungu.

Mnajua ugeni wa halmashauri kijijini. Kuku walianza kujificha mapema.

Mahali pa kuonyeshea tukachagua lile pori linalopakana na Mama Somoe. Ni yeye aliyetaka, ili wageni wakishuka kwenye magari waanze kuona visiki vyake vyeusi. Mimi nilisita maana ndipo ulipo ule upande uliobaki. Lakini mkwe unabishaje? Nikakubali.

Nikawaelekeza wenye mashine wote: tangi lioshwe, likaushwe, salfa isibaki hata chembe.

Kwa wasiojua, mikorosho tunaipulizia salfa ya unga dhidi ya ukungu. Ule unga wa njano. Kwenye ua la mkorosho ni dawa, ila kwenye moto salfa yenyewe ni kuni. Kila mkulima analijua hilo, ndiyo maana hakuna anayevuta sigara akipuliza.

Siku ikafika. Magari yakaja, hotuba zikasomwa, kina mama wakaimba. Mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja mnene mpole ndani ya suti ya kaunda ya rangi ya maziwa, akapewa kiti cha mbele. Tukawasha moto mdogo katikati ya pori, eneo tumelizungushia sehemu iliyofyekwa. Vijana wakajipanga na mashine. Zikaunguruma, majani yakaruka, ardhi ikawa nyeupe, moto ukafika ukingoni ukaanza kuzubaa.

Mwenyekiti akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi kifua mbele.

Ndipo Baba Zuhura akatokea.

Alikuwa ametoka kupuliza shambani kwake asubuhi hiyo. Akasikia mashine zinaunguruma, akajua amechelewa, akaja mbio na mashine mgongoni. Uso wa njano, kofia ya njano, mpaka kope za njano. Nikapunga mikono asimame. Yeye akadhani namwita.

Akaingia kwenye mstari, akaelekeza bomba kwenye moto, akafungulia mpaka mwisho.

Wakuu, sijui niwaelezeje.

Kilitoka kitu kama ulimi wa bluu, kikaruka mbele na kurudi juu, na sauti yake ni "vuuu" ambayo niliisikia tumboni. Nilikuwa karibu, nikaanguka chali. Ndipo nyusi zilipokwenda. Baba Zuhura akaitupa mashine na kukimbia, namshukuru Mungu hakuumia zaidi ya kuungua kofia. Halafu ukaja ule moshi wa salfa. Ukiuvuta, koo linafunga na macho yanajaa machozi. Kamati nzima ikawa inakohoa. Kwaya ikakatikia katikati ya ubeti.

Hapo nilijua bajeti imekwisha. Lakini hilo likawa dogo, maana nilipoinuka nikaona cheche zimevuka sehemu yetu iliyofyekwa, na nyasi za upande wa pili zinawaka kuelekea kwa Mama Somoe.

Nikasimama kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Nikamwona Mama Somoe kando ya shamba lake, nikamwendea, nikaanza, "Mama, nisamehe, mama, nilishawaambia..."

Akanishika ukosi wa shati. Mama mkwe wangu, mbele ya halmashauri.

"Mkwe," akasema, "acha kuomba radhi. Puliza."

Nikachukua mashine ya Baba Zuhura? Thubutu. Nikachukua ya kijana mmoja, nikakimbia mpakani.

Na hapa ndipo nilipoelewa ule ufagio.

Chini ya mikorosho yake hakukuwa na jani. Ardhi safi, ina michirizi ya ufagio. Kilichobaki ni ukingo tu, pale pori linapomwaga majani yake kila siku upepo ukivuma. Vijana wakafuata nyuma yangu na mashine zao, tukaupuliza ule ukingo kwa urefu wake wote, majani yakarudi kwenye moto wenyewe. Kina mama wakavunja matawi mabichi wakawa wanapiga kila cheche inayovuka. Nikageuka pembeni, namwona mwenyekiti wa kamati na suti yake ya maziwa, ana tawi, anapiga chini huku anakohoa, suti imeshakuwa ya kahawa.

Moto ulifika kwenye mpaka wa Mama Somoe. Ukasimama. Ukatafuta kushoto, ukatafuta kulia. Ukafa.

Mti mmoja wa pembeni ulibabuka majani ya chini. Mingine yote salama.

Mashine zikazimwa moja moja. Baba Zuhura alikuja taratibu, kofia mkononi, akapiga magoti mbele ya Mama Somoe, mtu mzima na ndevu zake. Mama Somoe akamtazama ule uso wa njano, na mimi nikajua leo mtani wangu anaoga matusi.

Akamwambia, "Wewe ungepiga hodi, tungekwambia uoshe tangi."

Basi. Watu wakaanza kucheka, na kicheko kikawazidi. Hata mimi, nyusi zinaniwasha, nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mwenyekiti alipopata pumzi hakurudi kwenye kiti chake. Alisema kwamba amehudhuria maonyesho mengi ya kuandaliwa, na hili ni la kwanza kumwonyesha jambo lenyewe. Akamwambia mtaalamu wake aandike sheria ndogo kabla ya boza, tena aandike vilevile alivyosema mama.

Baraza likapitisha.

Tuwe wakweli: boza mpaka leo hatujaliona, tunaambiwa liko kwenye mchakato. Viatu vimekuja, vingine vikubwa. Mafunzo tumepata, na mwalimu wetu aliongeza somo moja kwa ajili yetu, kukagua matangi yote kabla mashine hazijasogezwa kwenye moto. Sheria ndogo nayo inafanya kazi. Hakuna anayechoma huku bila kuzunguka kwa majirani kwanza, na jirani ana haki ya kusema leo upepo mbaya, ngoja.

Nilichojifunza mimi ni kwamba nilikuwa nahangaika na mashine wakati nusu ya kazi ilikuwa inafanywa na ufagio kila asubuhi, sote tunapita tunacheka. Na kwamba moto wa kijijini unaanza pale mtu anapoona haya au uvivu wa kumwambia mwenzake. Gari la zimamoto tunalihitaji, sitaki mtu aje kupotosha hapa. Lakini kabla halijafika kuna jirani, na jirani hana kilometa.

Wiki hii Baba Zuhura anasafisha shamba. Juzi jioni nilikuwa kwa mama mkwe natengeneza mlango, tukamsikia mpakani.

"Hodi, Mama Somoe. Nataka kuwasha."

Mama Somoe alikuwa chini ya ule mti uliobabuka, ambao sasa umetoa majani mapya. Hakuinua kichwa.

"Subiri," akamjibu. "Namalizia kufagia."

Na yule bwana, ambaye maisha yake yote amekuwa wa kuchelewa, akakaa juu ya kisiki na kiberiti mkononi, akasubiri.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Huko kwenu moto ukiingia mashambani mnafanyaje, na halmashauri zenu zinasemaje? Na kama kuna anayejua dawa ya kuotesha nyusi, aiandike hapa hapa. Somoe ananicheka kila asubuhi.