Shokapu ya Nyuma

Kinyozi hajinyoi, na gari la fundi ndilo hulala juu ya mawe. La kwao lilikuwa limekaa uani tangu mwenyewe apooze, gurudumu la nyuma limetolewa, na boliti ya chini ya shokapu imeshikwa na kutu hadi imekuwa kitu kimoja na bushi yake, ile pete ya chuma na mpira inamopita. Mwenyewe aliitwa Sikio. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu gari lilipoingia tu getini, kabla halijazimwa, alikwishajua linaumwa wapi.

Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia na nusu ya uso. Mdomo ulimrudia, mzito kidogo lakini wenye maneno, na mdomo huo ndio mkewe aliokuwa akiutegemea. Mdogo wa kiume wa mke huyo ndiye mwenye gereji alikofanya kazi Sikio, naye alikuwa ametoa neno.

"Shemeji hana haja ya mikono. Vijana wangu wana mikono, hawana akili. Fungueni hiyo shokapu ya kwenu, dada, kwa maneno yake tu. Ikitoka, Jumatatu naja kumchukua arudi kazini."

Dada mtu alikuwa mshonaji. Spana alizijua kwa kuziokota sakafuni. Lakini alimwona mumewe anavyokaa akiutazama ukuta kutwa nzima, akakubali. Mtu akinyang'anywa kazi aliyoizoea huanza kufa kwa rejareja.

Asubuhi akamtoa na kiti chake, akamweka kivulini karibu na gari. "Haya fundi mkuu, kibarua wako nimefika," akamtania.

Sikio akacheka kwa upande mmoja. Alianza vizuri. Akamwambia asugue kutu kwa brashi ya waya, amimine mafuta, kisha wakae wanywe chai mafuta yapenye. Akamweleza kwamba nati imechomelewa kwa ndani, haishikwi, basi kazi yote iko kwenye kichwa cha boliti. "Igonge kwanza, polepole. Kutu inataka kusumbuliwa, haitaki ugomvi." Mke akagonga, moyo ukimtulia. Huyu ndiye mume wangu, alijisemea, amerudi.

Akaivisha spana kichwani mwa boliti, akachomeka bomba kwenye mpini ili apate urefu. "Nizungushe upande gani?"

"Kulia."

Mkono wake ukasita. Hata kifuniko cha chupa hufunguliwa kwa kushoto. Lakini nati ya mtungi wa gesi jikoni kwake hufunguliwa kwa kulia, na aliyemfundisha hilo ni huyu huyu. Kila fani ina ya kwake. Miaka yote ya ndoa mume huyu hakuwahi kukosea jambo la gari. Yeye ni nani hata ambishie, mtu wa sindano? Akazungusha kulia. Boliti ikasogea kidogo, halafu alipolegeza mkono ikarudi palepale.

"Inarudi, baba."

"Huo ni mpira wa bushi, unajisokota pamoja nayo. Usikate tamaa. Kulia, kwa uzito wako wote."

Akapiga moyo konde, akalilalia bomba. Kitu kikakatika kwa sauti kavu, naye akaanguka kwa magoti juu ya saruji. Kichwa cha boliti kilibaki ndani ya spana. Kiwiliwili kikabaki kule kwenye kutu. Magoti yaliuma, lakini kilichomuuma hasa ni kwamba Sikio alikuwa anatabasamu.

"Imeachia?" akauliza.

Sauti ile ya chuma kukatika, zamani, angeitambua akiwa barabarani.

"Imekatika," mkewe akasema.

Mwenye gereji alifika baada ya adhuhuri. Akainama, akakigeuza kile kipande, akaona jinsi chuma kilivyojinyonga. "Nani alikuwa anakaza badala ya kufungua?"

"Mimi," dada yake akasema. "Yeye aliniambia kushoto, nikachanganya. Mimi na magari wapi na wapi." Alisema uongo huo bila kupepesa macho, na angeusema hata mbele ya hakimu.

"Nilimwambia kulia," Sikio akasema. "Mama watoto, usinisingizie uzima." Akamgeukia shemeji yake. "Najua boliti inafunguliwa kwa kushoto. Hilo halijanitoka. Ila hiyo kushoto yenyewe nikiitafuta, siioni iko wapi."

Shemeji yake akageuka, akaanza kupanga spana sandukuni moja moja, ingawa hazikuwa zake. Habari ya Jumatatu haikutajwa. Mke akapiga magoti yale yale yaliyoumia, akaushika mkono wa mumewe usiopooza, wa kushoto.

"Ni huku," akasema.

Sikio akautazama mkono, akaitikia kwa kichwa, akashukuru. Baada ya kitambo kidogo akauliza tena kushoto ni wapi.