Ndiyo Yangu, Fomu Yao

Mwaka ule nilipotaka kufungua duka dogo la ushonaji kule Rågsved, serikali ya Sweden ilinisaidia mpaka nikakosa chumba. Sitanii. Nilipewa kitabu cha mwongozo, penseli mbili, mafunzo ya Jumanne sita pamoja na kahawa, na mshauri wangu mwenyewe. Chumba, ambacho ndicho pekee nilichokitaka, akapewa mtu mwingine.

Chenyewe kilikuwa chini ya jengo letu, karibu na kituo cha treni, kina dirisha moja kubwa na sinki. Zamani alikuwamo fundi viatu. Mimi nilikuwa nafanya usafi hospitalini, mume wangu anasomea mambo ya misitu, na nikirudi kazini nawashonea majirani: nafupisha suruali, nabadilisha zipu, napanua magauni ya watu waliozidisha mikate ya mdalasini. Cherehani yangu ya kukanyaga ilikaa jikoni. Tukitaka kula, naifunika kitambaa, tunaweka sahani juu yake. Nilichoka kuokota pini kwenye wali. Kile chumba nilikitaka hadi nikawa nakipitia kila asubuhi, nachungulia dirishani kama mwizi.

Wenye jengo wakatangaza kwamba watampangisha yule ambaye mpango wake wa biashara umepitishwa na ofisi ya serikali inayosaidia wafanyabiashara wadogo. Mume wangu akafurahi kuliko mimi.

"Mke wangu, hawa si kama ofisi zetu," akasema. "Hapa huombwi chai. Unasaidiwa tu."

Ni kweli, sikuombwa chai. Nilinyweshwa kahawa. Jumanne ya kwanza tulifundishwa mteja ni nani. Ya pili wakamchora mteja ubaoni, amevaa kofia. Mimi nina wateja kumi na mmoja wameniachia suruali zao kitandani, halafu nimekaa pale nimkodolee macho mtu wa chaki! Wenzangu wakawa wanaandika. Nikaandika na mimi: kofia.

Baada ya hapo nikakabidhiwa mshauri. Kijana wa rika la mdogo wangu wa mwisho, nywele zimemfunika masikio, ananiita "wewe". Eti ndio mtindo mpya, wote sawa, hakuna bwana wala bibi. Haya. Ila kiti chenye mto alikalia yeye, na kalamu aliishika yeye.

"Mimi nitauliza, wewe utajibu, na fomu nitajaza mimi," akasema, polepole na kwa sauti ya juu, kana kwamba nimeziba masikio. Kiswidi changu hakikuwa kibaya hata kidogo. Wazee wa wodini nilikuwa napiga nao soga kila siku.

"Hukusomea ushonaji chuoni?"

"Ja," nikajibu. Ndiyo, sikusomea. Nilifundishwa na shangazi yangu, na mkono wake ulikuwa mzito kuliko chuo chochote.

"Huna cherehani za umeme?"

"Ja." Ndiyo, sina.

"Hutaajiri watu?"

"Ja." Nimwajiri nani, mume wangu?

"Wala hutafungua Jumapili?"

"Ja!" nikasema kwa mkazo, maana Jumapili ni ya kanisa.

Kila nikijibu, anaandika, kisha ananitazama kwa heshima iliyoongezeka kidogo. Nami, mjinga wa kutupwa, nikavimba kichwa. Nikajiambia, kumbe huyu mtoto amelelewa.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Mume wangu alianza kuisoma amesimama, akaimaliza amekaa. Mpango umekataliwa. Ofisi inasikitika kwamba kiwanda chenye cherehani za umeme na wafanyakazi wa kuajiriwa, kinachofanya kazi hata Jumapili, hakiruhusiwi chini ya makazi ya watu. Aidha, mwombaji hakuambatisha cheti cha chuo alichosoma.

"Kiwanda?" mume wangu akaniuliza. "Kwani uliwaambia nini?"

"Niliwaambia ukweli mtupu!"

Nikaenda chooni, nikafungua bomba nisisikike, nikalia.

Kesho yake nikaipeleka barua kazini, kwa Mkenya mmoja tuliyekuwa tunapiga deki naye. Alipofika kwenye neno kiwanda, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Dada yangu, alikuuliza huna, nawe ukasema ja?"

"Sasa ningesema nini, na kweli sina?"

"Hapo wenyewe husema nej, hapana. Na kama unazo, husema jo, yaani ninazo bwana. Hata mimi daktari aliniuliza, huna watoto? Nikasema ja. Akataka majina yao."

Jo! Jamani. Miaka mitatu nimo nchini mwao, Jumanne sita nimekunywa kahawa yao, na hakuna hata mmoja aliyeona haja ya kunidokeza kwamba wana neno la tatu. Mtu wa chaki, huyo walimwonea haja. Na yule kijana, swali zima la cherehani alimuuliza mtu aliyemwambia tangu mwanzo kwamba anashonea jikoni. Angeinua macho tu kwenye karatasi! Kiwanda kizima kitakaa wapi, juu ya jiko?

Siku hiyohiyo nilikwenda ofisini kwake na vazi langu la kazi, nikamweleza swali kwa swali. Akawa mwekundu mpaka shingoni. Akasema ni jambo la kuvutia sana kilugha. La kuvutia! Nikamuuliza habari ya chumba.

Chumba kimeshapangishwa, akasema, kwa bwana mmoja anayeuza samaki wa mapambo. Wale wadogo wa rangi rangi, wanaowekwa kwenye kioo na hawaliwi. Mpango wake ulikuwa wazi kabisa. Mimi, kama napenda, ninakaribishwa kuanza tena mafunzo, Jumanne ya kwanza, bure.

Nikasimama, nikachukua mkoba wangu. Akanisindikiza mpaka mlangoni, akaniwekea tabasamu la kazini.

"Lakini hujakasirika?" akauliza.

"Jo," nikamwambia.