Pahali Besi Inapenda Kukaa

Gari lilipomaliza kupanda vilima vya Kilungu, Bi Sauda alishuka kwenye nyumba mpya ya mwanawe, asiyoijua hata mlango, amepakata santuri za marehemu mumewe, aliyekuwa mpiga besi wa bendi ya dansi kule Mwingi. Sebuleni alimkuta fundi akitambaa kwa magoti kando ya ukuta, viatu amevivua. Woofa, sanduku jeusi zito la spika ya besi, ilikuwa imekalishwa kochini kama mgeni, ikinguruma.

"Fundi, kwani umepoteza sindano?"

"Natafuta pahali besi inapenda kukaa, mwaitu," alijibu, akimwita mama kwa Kikamba. "Ikisikika vizuri hapa chini, nikiificha hapa utaisikia vizuri ukiwa kochini."

Kila aliposogea alifumba macho, akagusa ukuta kwa mgongo wa mkono kama apimaye homa ya mtoto, akatikisa kichwa, akasogea tena. Bi Sauda akamwambia kwamba mwanawe ndiye asiyetaka sanduku lionekane. Yeye aliogopa lisije likazibwa. Tangu mazishi alikuwa na redio ndogo tu, na redio ile haikuwahi kumtolea besi ya mumewe.

"Kuficha si kuziba, mwaitu."

Akaliingiza kwenye kabati pembeni, mahali pa mlango akawamba kitambaa chepesi, kisha akaweka santuri moja ya marehemu kwenye gramafoni.

Besi ikapanda kutoka sakafuni hadi nyayoni mwake, nzito, ikichelewa kidogo kwa maringo, vilevile alivyoipiga mumewe. Fundi akachukua viatu vyake, akaenda kuvivalia nje. Bi Sauda, ambaye hajawahi kumwacha mtu aondoke bila kumsindikiza, hakuinuka.