Tende ya Siku ya Kumpa Jina

Sijui nianze na tende au na maziwa. Maziwa ndiyo yaliyonichanganya kwanza.

Dada yangu aliolewa Rumonge, katika familia ya Waswahili wanaokamua mawese, nami nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Bujumbura na kurudi na diploma isiyo na kazi. Nilikwenda kwake kumsaidia, mimba ikiwa imeshakuwa kubwa. Tukianika nguo nyuma ya nyumba, akaniambia kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi kwamba kliniki walimpima na kumkuta na virusi vya ukimwi. Mumewe alipimwa pia. Yeye hana.

"Hana vipi? Mnalala kitanda kimoja."

"Wamesema inatokea."

"Inatokea ni jibu?"

"Iko jibu walinipa." Akabana shati kwenye kamba. "Mama mukwe hajui. Na asijue."

Nilitazamia shemeji yangu angeondoka. Hakuondoka. Kila jioni alirudi na pikipiki yake kutoka Minago, akaning'iniza mfuko wa ndagala, dagaa wa ziwani, mlangoni na kumuuliza mkewe kama amemeza dawa. Nilikuwa na maoni tayari kuhusu wanaume ambao wake zao wamekutwa na virusi, lakini yeye hakufanana nayo, na sikujua niyapeleke wapi.

Halafu yakaja maziwa. Muuguzi alisema dada ameze dawa kila siku, na mtoto akizaliwa amnyonyeshe. Amnyonyeshe! Hata shuleni tulifundishwa kwamba virusi hupita kwenye maziwa ya mama. Muuguzi akaeleza kwamba dawa ikimezwa vizuri virusi hupungua sana, mpaka maziwa hayana cha kupitisha, au karibu hayana. Hatari kubwa ni kumchanganyia mtoto maji, uji au asali kabla ya miezi sita, kwa sababu tumbo lake bado ni laini na linachubuka, virusi vikapata pa kuingilia. Nilirudi nyumbani na lile neno "karibu" kama kokoto ndani ya kiatu.

Mtaani kulikuwa na kundi la kina mama waliojipa kazi ya kuwatembelea wazazi. Baadhi yao walikuwa na virusi na watoto wao walikua salama. Wengine hawakuwa navyo. Nani yuko upande gani, hawakusema kamwe. Waliingia kila nyumba yenye mtoto mchanga, ya Waislamu na ya Wakristo, na maneno yao yalikuwa yale yale: maziwa matupu mpaka miezi sita. Kwa hiyo wakionekana mlangoni kwako, jirani hakupata cha kunong'ona. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mnene, muuza ndagala sokoni. Siku ya kwanza tu nilimuuliza kama yeye mwenyewe anavyo au hana.

"Muangalieni huyu!" akawaambia wenzake. "Ananipima bila sindano."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Jibu sikupata.

Mtoto alizaliwa, wa kike. Dada akaanza kumpa kila siku dawa ya maji aliyopewa kliniki, akamwambia mama mkwe kuwa ni ya kifua. Tatizo likawa tende. Katika familia ile, siku ya kumpa mtoto jina, bibi hutafuna tende mpaka ilainike, akampaka mtoto ndani ya kinywa, juu ya kaakaa. Kundi lilikuwa limeshafikiria hilo. Waliongea na mwalimu wa madrasa, wakapatana kwamba mtaa mzima tende iguswe mdomoni kwa nje tu, kisha bibi aile mwenyewe. Nyumba zote, ili asijulikane nani analindwa.

"Ndiyo tunafanya hivi sasa, bibi," yule mama mnene alimwambia mama mkwe wa dada.

"Sasa ya nani? Watoto wangu wote nimewalambisha tende. Waangalie, wanabeba mapipa."

"Kwa nje tu, bibi."

"Nimesikia."

Siku ikafika. Sebule ilijaa, kasida zikaimbwa, yule mama mnene akashika sahani. Mimi nilikuwa karibu kiasi cha kuona kila kitu. Mama mkwe akatafuna, akatoa tende kwa kidole, akamgusa mtoto mdomoni kwa nje. Kisha kidole kikaingia. Mtoto akakinyonya, akikunja uso.

Dada aliona. Alikusanya khanga yake mapajani na kuifinya. Yule mama mnene aliona pia, akapandisha sauti ya kasida.

Kasida zilipokwisha nilimfuata nje. "Uliona!"

"Niliona."

"Na ukaimba?"

"Ungetaka nimupige bibi mukono mbele ya watu? Halafu wote waulize kwa nini?"

"Basi imeharibika?"

Nilingoja mzaha wake. Haukuja. "Sijui, mwanangu," akasema.

Muuguzi naye hakunisaidia. Tuendelee na dawa na maziwa, alisema, kidole kimoja cha tende si uji wa kila siku, haielekei kumdhuru.

"Haielekei?"

"Dada, mimi si nabii."

Mtoto alipofikisha wiki ya sita walimtoboa kisigino, wakadondosha damu kwenye karatasi, ikapelekwa Bujumbura. Tukangoja. Dada alikuwa akimfungua mtoto kinywa asubuhi na kutazama ndani, kana kwamba tende ingekuwa bado ipo. Mimi nilimkasirikia mama mkwe kimyakimya, mpaka siku jirani alipoleta kikombe cha maji ya majani kwa ajili ya msokoto wa tumbo la mtoto. Mama mkwe alisimama mlangoni akamzuia.

"Huyu hanywi kitu. Kunywa weye."

Nikachanganyikiwa tena. Si yeye mwenye kidole?

Majibu yalipokuja tulikwenda pamoja. Muuguzi alisoma, akasema virusi havikuonekana. Mtoto atapimwa tena, na tena akishaacha kunyonya. Kwa sasa, hana. Dada alilia. Mimi nilitaka kuuliza kilichomwokoa ni kipi: dawa, maziwa matupu, au bahati? Muuguzi alikuwa ameshamwita mwingine.

Mama mkwe alikuwa kwenye mkamulio wa mawese, anachambua machikichi. Hakuuliza tulikotoka.

"Ya mutoto iko sawa?"

Dada akatikisa kichwa kukubali.

"Alhamdulillahi." Akatupa chikichi bovu kando, akachukua jingine. "Na dawa yako, umemeza leo?"

Dada alisimama na mtoto mgongoni.

"Nimemeza, mama."

"Basi vizuri."

Alijua tangu lini? Kama ni kabla ya tende, kwa nini kidole kiliingia? Alitaka kumkinga mjukuu kwa njia aliyoiamini zaidi ya zetu? Na kama ni baada yake, nani alimwambia, na zile wiki alizilalaje? Siku chache baadaye tulibaki wawili, nikaanza: "Mama, ile siku ya tende..."

Aliitazama kamba ya nguo, ambako nepi za mtoto zilikuwa zimekauka.

"Weye wa iniversite," akasema, "nenda uanue. Mutoto ameamka."