Nilimpiga Ndugu Yangu Ili Ukumbi Ukae Kimya

Nilimpiga ndugu yangu kwa chuma mbele ya ukumbi uliojaa watu. Sikuwa nimelewa, na yeye hakuwa amefanya jambo ambalo mtu mwenye akili angeliita kosa. Kosa ni langu. Ninaliandika hapa kwa sababu nyumbani hakuna tena anayetaka kunisikiliza.

Nijieleze kidogo. Mimi ni mtu wa Kakamega, na kila nilicho nacho nimekipata kwa jasho langu. Ujerumani niliosha masufuria ya hoteli mchana na jioni nikasoma muziki, hadi nikapata diploma iliyowashinda wengi waliozaliwa na piano sebuleni. Nilirudi, nikajenga nyumba mtaa wa Amalemba, nikaanza kutunga. Diploma hiyo bado naijivunia na sitaomba radhi kwa hilo.

Nilichotunga kilikuwa kigumu: fidla nne, waimbaji, na ngoma tatu za isukuti. Ngoma hizo watu wa kwetu wanazijua harusini na matangani, ambapo kila mtu husimama na kutikisa mabega. Mimi nilitaka zisikilizwe kama kule nilikosoma, watu wameketi, mikono mapajani. Nikabandika tangazo mlangoni: hakuna vigelegele, hakuna kucheza, hakuna watoto. Aliyeniuliza sababu nilimjibu kwamba muziki huu si wa kila mtu.

Ngoma kubwa nilimpa Shivachi, kaka yangu mkubwa, aliyehamia Mayoni kukata miwa. Mazoezini alikuwa akiongeza mapigo yake mwenyewe. Nikawa namchapa vidole kwa kijiti changu cha kuongozea, wapiga fidla wakitazama. Mtu mzima, mwenye wajukuu.

"Sasa watu watakuwa wanafanya nini?" aliniuliza siku moja, akipuliza vidole.

"Watasikiliza."

"Wanakaa tu hivyo, kama wako kwa foleni ya dawa?"

"Waliosoma hukaa."

"Haya, mwalimu. Lakini mimi nikionanga mtu amesimama, hii mikono haiulizangi ruhusa."

Wenzake wakacheka. Nikamchapa tena.

Siku yenyewe ikafika. Mbele niliwaketisha wahadhiri, maofisa wa serikali, na Mjerumani mmoja niliyetumaini angeipeleka kazi yangu kwao. Watu wa nyumbani niliwapanga nyuma kabisa.

Katikati ya kazi ile kuna mahali ngoma kubwa inalia peke yake, polepole, kisha kinafuata kimya kirefu. Shivachi alipiga kila pigo nililoandika, wala hakuongeza hata moja. Kimya kikaingia. Ndipo shangazi yetu, ambaye sote tunamwita Senje, akasimama kule nyuma, akapiga kigelegele, na akaja akiteremka katikati ya viti, mabega yakitetemeka.

Kwetu mpigaji hamwachi mchezaji bila ngoma. Ni sawa na mtu kukunyooshea mkono wa salamu ukauacha hewani. Shivachi akamwitikia.

"Senje, rudi ukae," nilisema.

"Kaa wewe," akajibu bila kuacha kucheza. "Mimi nimekuja kwa mtoto wangu."

Ukumbi ukacheka. Wahadhiri wakaanza kupiga makofi. Yule Mjerumani akainuka, akajaribu mabega yake pia. Kazi yangu ilikuwa inapendwa, na mimi niliona inaibwa.

Nikaishika stendi ya chuma ya kuwekea karatasi za muziki, nikaizungusha. Shivachi alikuwa ameinamia ngoma akimtazama Senje, hakuniona. Ilimpata sikioni. Akaanguka, ngoma ikiwa bado inaning'inia begani.

Pigo la kwanza ningeweza kulisingizia hasira. Lakini nilimpiga la pili akiwa chini, na mengine baada ya hilo, huku nikimwuliza, "Nilikwambia nini? Nilikwambia nini?" Damu ilikuwa imetapakaa kwenye ngozi ya ngoma. Senje akamlalia juu kumkinga, na chuma kikamshukia yeye pia mgongoni. Nilisikia akiguna. Sikuacha mara moja.

Vijana wa nyuma walinifikia wakirusha viti.

"Mpigeni polepole, huyu ako na diploma," mmoja akasema, na hata katika fujo ile wengine walicheka. Hawakunipiga polepole. Walining'oa meno, wakanivunja mbavu, wakanivuta kwa miguu hadi nje. Fidla moja ilikanyagwa ikapasuka. Wageni wangu walitoroka kupitia madirishani.

Shivachi alikataa kwenda polisi. Alimwambia mkewe kwamba hawezi kumfunga mtoto wa mama yake. Sikio lake la kushoto lilikufa, na daktari alisema halitarudi.

Nilipopona nilimfuata Mayoni. Alikuwa ameketi nje ya nyumba, ananoa panga la miwa.

"Hamia upande huu," akaniambia. "Huo mwingine hausikii."

Nikahama, nikapiga magoti. Aliniacha nimalize maneno yote niliyokuwa nimeyapanga.

"Nimesikia," akasema. "Sasa na wewe sikia. Juzi kwa harusi ya jirani walinipatia ngoma. Zile ndogo mbili zikawa upande uliouua. Nikapotea. Watu wanacheza, mimi nawaangusha. Nikavua mkanda, nikampa mtu mwingine, nikaenda kukaa na wazee wanaokulanga tu."

"Kaka, tafadhali."

"Usiniite. Enda tu, kabla sijakumbuka niko na panga."

Nikaenda. Senje naye akiniona sokoni huvuka barabara. Sasa natunga kazi zisizo na ngoma, kwa kuwa hakuna mpigaji wa kwetu anayekubali kusimama mbele yangu.

Wewe unayetunga, unayechora au unayeandika, sikuambii ufanye mepesi. Bado naamini kazi ngumu ina haki ya kuwepo. Lakini watu wa kwenu wakiinuka kuipokea kwa namna wanayoijua, usidhani wanaiharibu. Usiwawekee masharti mlangoni kama kwamba wamekuja kuiba. Na siku utakapohisi mkono wako unatafuta kitu cha kushika, toka nje upesi. Mlango ulikuwa karibu nami, ulikuwa wazi, na hakuna aliyenizuia.