Sufuria Yangu na Miti ya Stanmore

Kila jioni mume wangu akirudi kazini, kabla hajavua viatu, anafungua mdomo nami namnusa. Usicheke. Wenzetu mlangoni wana kapeti la kufutia miguu, sisi tuna pua yangu. Na wazo lenyewe halikuwa langu, lilikuwa la Thadei mwenyewe.

Thadei ni mtu wa Kibosho kule Moshi, amezaliwa kwenye migomba na mbege, pombe yetu ya ndizi. London alikuja kusomea uhasibu, uhasibu ukamshinda, akaishia kulea wazee majumbani mwao. Anawaogesha, anawapikia, anawasikiliza hadithi zilezile bila kupiga miayo. Kazi hiyo anaiweza kweli, hapo simnyimi haki yake. Lakini alikuwa anakunywa. Sisemi alikuwa anaonja, jamani, alikuwa anakunywa! Siku moja alimtoa binti yetu Jennifer shuleni, walipofika kituo cha basi cha Kenton akamwambia ningoje hapa nakuja sasa hivi, akaingia baa. Mtoto ana miaka sita, mvua inanyesha, mimi napigiwa simu na mama wa watu nisiyemjua.

Nilitoa sanduku nikaliweka mlangoni. Nikamwambia, siku nyingine nikisikia harufu ya pombe kwako, mimi na mtoto ndiyo basi, na sitauliza swali. Alilia mtu mzima. Kisha akasema, "Mama Jeni, wewe usiniamini. Wewe ninuse." Basi tangu hapo ninanusa. Jeni sasa yuko sekondari, ananipita urefu, na mdomo wa baba yake haujawahi kunipa kesi.

Mpaka Septemba iliyopita.

Jioni hiyo alifungua mdomo kama kawaida, nikanusa, nikakuta chai na kitunguu cha mchana. Safi. Lakini alipoinua mkono kutundika koti, pua yangu ikashtuka. Ramu! Kwenye mkono wa koti, ramu pamoja na kitu kitamu kama sukari iliyoungua. Nikamuuliza umeshika nini. Akasema, "Dawa ya mzee mmoja imenimwagikia." Dawa gani ya mzee inanukia baa? Machale yakaanza kunicheza.

Wiki hiyohiyo nikatafuta sufuria yangu nzito, ile niliyobeba kutoka Moshi nikilipia uzito wa ndege, ninayosongea ugali. Hakuna. Nikamuuliza Thadei, akasema, "Utaiona tu," huku anaangalia pembeni. Halafu akaanza kusoma. Thadei, ambaye hata barua za baraza la mtaa ananiachia mimi, anakaa kwenye kochi na kitabu kinene chenye jalada lililochakaa, kimeandikwa na mchungaji wa Kiingereza wa zamani za Malkia Viktoria, juu ya wadudu! Nikachungulia. Picha za vipepeo ukurasa baada ya ukurasa. Nikasema moyoni, huyu anajificha nyuma ya hiki kitabu. Mlevi akitaka kukupiga chenga anaweza hata kujifanya mtawa.

Aliyenimaliza ni Hemali. Hemali ana duka pale Kenton, Mhindi wa Kisumu, Kiswahili chake hakijapoa hata baada ya miaka yote hii. Nimekwenda kununua bamia, akaniuliza, "Dada, bwana yako anapika nini siku hizi? Amebeba sukari guru yangu yote. Na zile ndizi zilizoiva mpaka zikawa nyeusi, nataka kutupa, yeye anasema nipe."

Sukari guru na ndizi zilizooza. Wewe unayesoma hapa, kama umekulia kwetu, sina haja ya kukufafanulia. Mzungu angesikia hivyo angedhani mtu anaoka keki. Mimi nilisikia mtungi unachemka. Sukari guru ndiyo gongo, ndizi mbivu ndiyo mbege, na sufuria yangu nzito imepotea. Nikaziacha bamia juu ya kaunta, nikatoka.

Nilimpigia dada yangu Haika, anayekaa Queensbury. Sikumaliza hata kueleza. "Gauda, anapika gongo," alisema. "Amepata mahali kwa mmoja wa wazee wake, anapikia huko. Wakimkamata, kazi hana, na jina lenu limekwisha. Toa sanduku." Jeni alikuwa anasikiliza mlangoni. Watoto wetu hawa, Kiswahili wanakisikia chote lakini jibu linatoka Kiingereza. "Maybe he's making jam, Mum," akasema. Nikamwambia jam gani ya kulowesha koti kwa ramu, nenda kasome.

Sanduku nililitoa kweli. Nikaweka nguo za Jeni chini, zangu juu. Nilikuwa nakunja nguo na hasira inanitoa machozi, kwa sababu kitu kilichoniuma hasa si pombe. Ni ule mdomo. Kila jioni ananifungulia mdomo safi, ananiangalia machoni, kumbe ananifanya mjinga. Nikajisemea, kwanza nitamkamata kwa macho yangu, asije akaniambia tena habari za dawa.

Siku ya pili nilimvizia. Nilijua mzee wake wa mwisho jioni ni bibi mmoja wa Stanmore anaitwa Margaret, mwalimu mstaafu, miguu imemgomea. Nikapanda basi, nikasimama ng'ambo ya barabara nyuma ya gari la watu, na skafu yangu kichwani kama jambazi. Jua lilikuwa linazama. Thadei akatoka kwa bibi kabeba sufuria yangu. Yangu! Mkono mwingine brashi ya rangi, na chupa inachungulia kwenye mfuko wa koti. Akavuka kuingia kwenye msitu ulio mbele ya nyumba. Nikamfuata, viatu mkononi maana majani makavu yalikuwa yanapiga kelele.

Alisimama kwenye mwaloni mkubwa. Akafunua sufuria, akachovya brashi, akaanza kuupaka mti. Anapaka pole pole, kutoka usawa wa kifua kwenda chini, kisha anahamia mti mwingine. Haki ya Mungu! Kwetu wazee walimwagia mizimu pombe, hilo nalijua, bibi yangu alifanya. Lakini mizimu ya Kibosho inafuata nini Stanmore? Nikaona sasa si mlevi tu, ameingia na mambo mengine, na sisi ni watu wa kanisani.

"Baba Jeni!"

Aliruka, brashi ikaanguka. Akaniona nilivyosimama peku na skafu yangu. Na unajua kitu cha kwanza alichofanya? Alikuja mbele yangu akafungua mdomo.

Nikainamisha pua. Nikanusa ramu. Nikageuza uso, nikanusa ramu. Miti ilinuka, sufuria ilinuka, mikono yake, hewa yote ya pale ilinuka. Pua yangu niliyoitegemea miaka yote ile haikuweza kuniambia chochote. Niliogopa, nasema kweli. Niliogopa kuliko siku ile ya mvua.

"Sijui," nikamwambia. "Hapa sijui, Thadei. Niambie unafanya nini, na usinidanganye."

Akaniambia. Bibi Margaret anaandika kitabu juu ya wale Waingereza wa zamani waliopenda viumbe na kuandika habari zao, wachungaji wa vijijini, madaktari, mabibi wa majumbani. Watu hao walikuwa wanachemsha sukari nyeusi na bia, wanatia ramu, wanapaka miti jioni ili nondo waje kunywa, wale vipepeo wanaoruka gizani. Kila mmoja na mapishi yake. Wengine waliyaficha, wengine wakabishana magazetini, huyu anasema bila ramu hupati kitu, yule anasema ndizi iliyooza inatosha. Margaret hataki kuandika jambo ambalo halijajaribiwa, na msituni hafiki tena. Basi Thadei, zamu ikiisha, anampikia mapishi ya wafu hao moja baada ya moja, anapaka, kisha anarudi kumweleza nani amekuja. Wale wa zamani walikuwa wanawaua na kuwachoma pini. Margaret amemkataza, anasema siku hizi inatosha kuangalia.

"Sufuria za bibi nyepesi," akasema, "sukari inaungua."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nachemsha ramu, ungeniruhusu?"

"Nisingekuruhusu!"

"Basi."

Nilitaka kumpiga na kiatu. Nikamwambia maneno matamu kama hayo anaweza kuyatoa mlevi yeyote, kitabu cha bibi, wachungaji, sijui nini. Bado nilikuwa simwamini hata kidogo, na sanduku langu lilikuwa tayari nyumbani. Akawasha tochi yenye mwanga hafifu, akanivuta mkono mpaka kwenye mwaloni wa kwanza. "Njoo umuone," akasema.

Kwenye ule utelezi wa sukari alikuwa amekaa nondo mkubwa wa kijivu, ukubwa wa kiganja cha mtoto, rangi moja na gamba la mti. Thadei akamgusa kwa kidole. Nondo akafunua mabawa, na chini yake mna mengine mekundu. Nilishtuka. Lakini hakuruka. Thadei akamgusa tena, akamsukuma kidogo. Yule mdudu akayumba, akarudi palepale akiendelea kunyonya.

"Amelewa," Thadei alisema. "Ndege akija sasa hivi anamla, na nondo anaona. Hatoki." Akaishusha tochi. "Mara ya kwanza kumuona huyu nilimkumbuka Jeni. Kituo cha Kenton. Nilikuwa namuona kupitia dirisha la baa, Gauda. Nilimuona analoa. Sikutoka."

Hilo hakuwahi kuniambia. Miaka yote nilidhani alimsahau.

Nilimchukia, na nilimhurumia, vyote kwa pamoja. Nondo wengine wadogo walikuwa wanatua, mmoja, mwingine. Thadei alisema kila jioni anashika hiyo ramu, anainusa, anaitamani, anawapa wao, halafu anarudi kwangu kufungua mdomo. Alitaka kujua kama anaweza kuishika bila kuinywa.

Akanigeukia. Akafungua mdomo tena, wazi kabisa, macho amefumba kama mtoto anayesubiri dawa.

"Funga mdomo, Baba Jeni," nikamwambia. "Mdudu atakuingia."

Ng'ambo ya barabara, dirisha la bibi Margaret lilikuwa na taa, anasubiri taarifa zake. Nilivaa viatu. Ile chupa ya ramu niliitoa kwenye mfuko wake, nikaitia kwenye mkoba wangu mwenyewe, nikafunga zipu. Sufuria nilimwachia.