Mpiga Pasi na Saa Iliyolegea

Saa moja asubuhi pasi imeshapata moto. Mwanamume ambaye wateja humwita Nyoosha analaza kola ya shati mezani, anainyunyizia maji, kisha anaipitisha pasi taratibu. Mvuke unampanda hadi kiwikoni. Mikononi hana kitu, si pete wala saa.

"Kazi hii, chochote kinachobana mkono kitakuunguza," anasema. "Mvuke ukiingia chini yake hautoki."

Ndivyo alivyofundishwa tangu ujana. Mkwewe alipomletea saa ya kupima mapigo ya moyo, Nyoosha aliivaa ikining'inia kama bangili. Watu wa pasi hawabani kitu.

Upande wa pili wa meza kuna kiti kitupu. Hapo alikuwa akikaa mkewe, mshonaji wa vifungo, mwanamke wa maneno mengi ambaye, kwa maelezo ya mumewe, akikosa mtu wa kugombana naye hugombana na shati. Presha ilipoanza kumwandama, Nyoosha alimvalisha yeye ile saa. Mkono wake mwembamba, naye akamlegezea mkanda zaidi, saa ikawa inacheza juu ya mfupa wa kifundo. Alidhani anamhurumia.

Mchana mmoja, kazi zikiwa zimerundikana, mkewe akalalamika kwamba moyo unamwenda mbio na kichwa kinazunguka, heri waende zahanati. Nyoosha akamshika mkono, akasoma saa. Mapigo yalionekana ya kawaida.

"Nikamwambia, 'Saa inasema huna kitu, mama. Malizia vifungo hivyo kwanza.'" Anaisimamisha pasi. "Akamalizia."

Jioni alianguka. Kiharusi kilimwacha hai, lakini mkono wa kulia ukapooza.

Hospitalini muuguzi aliwaeleza kwamba saa za aina hiyo husoma damu kwa mwanga unaopenya ngozi. Hutakiwa kukaa juu kidogo ya kifundo, zimeshika ngozi bila kuumiza. Ikilegea, huenda ikabahatisha tu. Na hata ikivaliwa sawasawa, aliongeza, mgonjwa akisema anaumwa, asikilizwe yeye.

Maji yakimwagika hayazoleki. Nyoosha analijua hilo, na bado hakuna siku asiyojaribu kuyazoa. Humwogesha mkewe, humchana nywele, humfunga vifungo vya gauni. Kinachomchoma zaidi ni kimya. Yule mama wa maneno mengi siku hizi halalamiki. Presha ikimpanda, mumewe huambiwa na majirani.

"Hanilaumu," anasema. "Angenilaumu ningepumua. Ila haniambii tena anapoumwa."

Ameshanunua mto wa kukilainisha kile kiti, ili mkewe arudi kukaa dukani hata bila kushona. Vifungo si hoja.

"Nataka siku moja aniambie, 'Naumwa,' nami nifunge duka hapohapo. Basi."

Karibu na adhuhuri anafunua pazia la chumba cha nyuma, wanakoishi, na kumuuliza mkewe anajisikiaje.

"Sijambo," anajibu mkewe. Mkono wake wa kushoto, ule mzima, umekandamiza kifua.

Nyoosha anautazama mkono huo. Haulizi tena. Anarudi mezani, anachomoa waya wa pasi na kwenda kufunga mlango wa duka.